Mvi za Mwinjilisti Idah

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare za shule, Kahaso alibeba dumu lake la lita kumi akashika njia ya bombani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kijiji chao kilikuwa mbele kidogo ya Jilore, kule mashamba ya mihogo na mahindi yalikoungana na kichaka. Njia ya bombani ilipita nyuma ya nyumba ya Hawe Kadzo. Hawe maana yake ni bibi, na Kadzo alikuwa hawe wa watoto wote wa upande ule, hata wasio na undugu naye. Zamani Kahaso akifika pale alisema, "Shikamoo, Hawe," na sauti ya kukwaruza ilimjibu kutoka jikoni, "Marahaba, mjukuu wangu. Mwaro ameamka?" Mwaro alikuwa mdogo wake Kahaso, mtoto wa miaka minne na mlafi wa kupigiwa mfano.

Nasema zamani, lakini ni wiki tatu tu zilikuwa zimepita. Sasa hapakuwa na mtu wa kuamkiwa. Mlango ulifungwa kwa waya, ufagio umeegemea ukuta vile vile ulivyoachwa, na bati la paa lilikuwa limebonyea mahali saba. Kahaso alikuwa amezihesabu alama hizo bila kutaka. Mkwaju uliosimama nyuma ya nyumba ulidondosha matunda makavu juu ya bati, ko, na kila lilipodondoka moja, moyo wake uliruka. Alijua kuwa ni ukwaju. Lakini alijua pia jinsi jiwe linavyolia juu ya bati lile, na masikio yake yalikuwa yamekataa kutofautisha.

Alijaribu kuzungukia njia ya shambani, akachelewa shule mara mbili, mama yake akataka kujua sababu. Akarudia njia ile ile. Tena kulikuwa na kuku wa Hawe Kadzo, yule mwenye shingo tupu, ambaye sasa alikuja uani kwao kila siku saa ya chakula. Hakudonoa kitu. Alisimama akamkodolea macho Kahaso, na chakula kikamshinda mtoto wa watu.

Basi tuseme yaliyotokea, na tuyaseme yote, maana ni nusu ya ukweli iliyoleta balaa hili.

Jumamosi moja mama alikwenda kusagisha mahindi, akamwachia Kahaso mtoto na kazi ya kupika uji. Kahaso alikuwa akisukwa nywele na rafiki yake Whitney, na uji haukuwahi kuinjikwa. Mwaro alipolia njaa, Kahaso hakutaka kusumbuka kwenda mpaka kwenye mihogo mitamu kule chini. Aling'oa shina moja la karibu, kwenye mstari wa mpakani, ambako baba yao alipanda muhogo mchungu ili nguruwe mwitu wasiuguse. Mama alikuwa amewaonya mara nyingi kwamba ule hauliwi mbichi. Hukatwa, hukaushwa juani, ukatwangwa unga. Kahaso alijua. Alijiambia kwamba kipande kimoja hakina neno, akamenya, akampa mtoto, akarudi kusukwa.

Mwaro akala, akaongeza. Alipokuwa akitafuna, Hawe Kadzo alipita na mzigo wa kuni, akampapasa kichwani, akasema Mungu amkuze, akaenda zake. Haukupita muda mrefu mtoto akaanza kutapika, miguu ikalegea, macho yakageuka.

Kule zahanati muuguzi aliuliza mtoto amekula nini. Kahaso alijibu, "Uji." Nyumbani, baba yake mdogo, Lewa, aliuliza swali jingine: nani alikuja pale? Kahaso akasema ni Hawe Kadzo, na kwamba alimshika mtoto kichwa. Kila neno lilikuwa kweli. Hakuna aliyemwuliza zaidi, na yeye hakuongeza.

Yaliyobaki watu waliyamalizia wenyewe. Hawe Kadzo alikuwa na mvi kichwa kizima, macho mekundu kwa moshi wa miaka hamsini, na aliishi peke yake, na kwa baadhi ya watu mambo hayo matatu yalitosha kumfanya mtu mchawi. Kesho yake alasiri Lewa na vijana wenzake walikwenda na mawe. Bibi alitokea mlango wa nyuma na leso moja, akakimbilia kwa mtoto wa dada yake kule Matsangoni. Mwaro alipona siku ya pili, akarudi akidai chapati. Habari zilizokuja kutoka Matsangoni zilisema Hawe Kadzo hali chakula, na akisikia hata mlango ukifungwa hujificha chini ya kitanda.

Katika kanisa lao dogo la mabati kulikuwa na mwinjilisti aitwaye Idah, mjane aliyekuja kutoka Ukambani miaka mingi iliyopita akapafanya pale kwao. Alikuwa amepita miaka sitini, lakini nywele zake zilikuwa nyeusi ti, kwa sababu alizitia piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Wazee wengi wa pale walifanya hivyo, wanaume kwa wanawake, wala si kwa urembo. Walizificha mvi zao kwa hofu. Jumapili iliyofuata mkasa ule, Idah alihubiri dhidi ya kusingizia watu uchawi. Watu wote waliitika amina, Lewa akiwa mmoja wao, kisha wakaenda kula chakula cha mchana.

Krismasi ilikuwa ingali mbali, lakini darasa la watoto la Jumapili lilikuwa limekwisha kuanza mazoezi ya igizo. Kahaso alipewa nafasi ya Mariamu. Idah aliwaeleza kwamba wanadamu walikuwa wamepotea katika dhambi wasijue pa kutokea, ndipo Mungu mwenyewe akavaa mwili, akazaliwa mtoto kama sisi, akaja kukaa nasi. Kahaso akainua mkono.

"Mwalimu, kwa nini aje mwenyewe? Si angetusamehe tu akiwa huko huko juu?"

Wenzake walicheka. Idah akasema hilo ni swali zuri, jambo ambalo walimu husema wanapokosa jibu.

Watoto walipotawanyika Kahaso alibaki kupanga mabenchi. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga tena. Idah alikaa kwenye benchi la mbele akamngoja, wala hakumharakisha. Mwishowe maneno yakatoka yenyewe, muhogo, uji, zahanati, na yale mawe. Alimaliza akiwa analia, akauliza kama Mungu anaweza kumsamehe mtu aliyefanya vile.

Idah aliinama, akatazama sakafu.

"Siku ile nilikuwa njiani," akasema. "Niliyasikia mawe, na nikamsikia Kadzo akiita majina ya majirani. Aliita na langu. Nilizunguka kwa njia ya shambani, Kahaso, kwa sababu chini ya piko hii kichwa changu ni cheupe kama chake. Kisha Jumapili nikasimama mimbarani nikahubiri."

Kahaso hakuwa amepata kumsikia mtu mzima akikiri mbele ya mtoto. Idah akafuta macho kwa ncha ya leso, akasema kwamba kesho yake angekwenda Matsangoni, na kwamba Kahaso naye alikuwa na safari yake, fupi zaidi na ngumu zaidi, ya kwenda kwa wazazi wake, ambayo hakuna wa kumwendea.

Safari hiyo Kahaso hakuianza. Jioni ile baba yake, Kalume, alikuwa na wageni. Jumatatu alikuwa amechoka. Sababu hazikosekani kwa anayezitafuta. Yule kuku akaendelea kuja.

Jumanne habari zilienea kwamba Hawe Kadzo amerudi. Kwanza alikuwa amekataa katakata. Alimwambia Idah, "Utanifikisha mlangoni pangu, halafu uende kulala kwako." Idah akamjibu kwamba kwake ni pale pale, akabeba godoro lake, sufuria mbili na taa, akahamia katika nyumba ile yenye bati lililobonyea. Tena alikuwa amezipunguza nywele mpaka karibu na ngozi. Tangu siku ya mawe hakuwa ametia piko, na sehemu yote nyeusi ilikwenda na makasi. Kilichobaki kilikuwa mvi tupu. Watu waliomwona walishika midomo. Wengine walinong'ona kwamba sasa wako wawili.

Alasiri hiyo Kahaso alikuwa akitoka bombani na dumu lake aliposikia, ko, juu ya bati. Alijiambia ni ukwaju. Ikalia mara ya pili, nzito zaidi, na safari hii haukuwa ukwaju.

Alikuta vijana sita mbele ya nyumba, Lewa akiwa mbele yao. Mwinjilisti Idah alikuwa ameketi kizingitini, kichwa wazi, mikono juu ya magoti. Ndani, gizani, Hawe Kadzo alikuwa akiguna kama mtoto mwenye homa.

"Mama mwinjilisti, toka hapo," Lewa alisema. "Hatuna neno na wewe."

"Mna neno na mvi," akajibu Idah. "Ninazo. Ukimpiga huyu, unipige na mimi. Nakaa hapa."

Lewa aliangalia jiwe mkononi mwake, kisha akawaangalia wenzake. Hapo ndipo Kahaso alipoelewa. Mtu ambaye hata hakuugusa muhogo ule alikuwa tayari kupigwa kwa uongo wa Kahaso mwenyewe. Alilitua dumu, maji yakamwagika, akapita katikati ya wale vijana. Alikaa kizingitini ubavuni mwa Idah.

"Mwaro alikula muhogo mchungu," akasema. "Mimi ndiye niliyempa. Hawe alimshika kichwa tu. Nilidanganya kwa muuguzi, na kwako, baba mdogo, nilinyamaza."

Lewa alisema mtoto amefundishwa kusema hivyo. Kahaso akamwambia waende mpakani, akamwonyeshe mahali alipofunika shimo kwa majani. Watu walikuwa wamekwisha kujaa, na baba yake alikuwa miongoni mwao, jembe begani. Kalume alisema, tena kwa sauti ndogo, kwamba shina moja lilikosekana kwenye mstari ule tangu siku mtoto alipougua, na yeye alidhani ni nguruwe aliyekosa akili. Hakuna aliyecheka. Lewa alifungua kiganja, jiwe likaanguka karibu na mguu wake, akaondoka bila kumtazama mtu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Kahaso aliadhibiwa nyumbani, na sitaficha kwamba alilia. Lakini usiku ule alilala fofofo, jambo ambalo hakuwa amelipata kwa wiki tatu. Kesho yake alfajiri, baba na Lewa walikwenda kwa Hawe Kadzo na nyundo na bati jipya. Lewa alifanya kazi asubuhi nzima. Alipomaliza alipiga magoti mlangoni, akaomba radhi.

Kahaso naye alikwenda. Alisimama uani.

"Mwaro amepona?" Hawe Kadzo aliuliza.

"Amepona, Hawe. Nisamehe."

Bibi alimtazama kwa macho yake mekundu, akamtazama sana. "Nimekusikia," akasema. "Ufagio uko pale. Anza kwa kufagia." Kahaso akafagia uwanja mzima, na kuku wa shingo tupu akamfuata nyuma akidonoa wadudu.

Alipomaliza, Idah alimwita akae nao jikoni. Alikuwa akichambua mchicha. Alisema sasa anaweza kumjibu lile swali la Jumapili.

"Nilidhani maneno yangetosha," akasema. "Niliyatuma kutoka mimbarani, na Kadzo akabaki chini ya kitanda. Aliyejificha kwa hofu, au kwa hatia kama wewe na mimi, hatolewi kwa salamu. Lazima mtu aingie alimo. Mungu alilijua hilo. Hakutupigia kelele kutoka juu. Alivaa mwili unaoweza kuumia, akaja kukaa ndani ya nyumba yetu, ile inayotupiwa mawe."

"Kama wewe, Mwalimu."

Idah alitikisa kichwa. "Usinifananishe naye. Mimi nilikuja nikiwa na deni la ile njia ya shambani. Yeye hakuwa na kosa lolote, na alijua kila mmoja wetu ameficha nini chini ya majani, na akaja. Tukayarusha mawe yetu, yakampata yeye. Ndiyo maana unaweza kusema kweli, mwanangu. Usiseme nusu yake. Hutaisema peke yako, yuko anayekaa nawe kizingitini."

Wakati huo kitu kiligonga juu ya bati, ko. Wote watatu walishtuka. Mchicha ulimwanguka Idah, na Hawe Kadzo akashika ukingo wa meza. Hofu haiondoki kwa siku moja, na huenda isimwondoke kabisa.

Kahaso alitoka nje, akatazama juu. Akarudi na ukwaju uliopasuka, akauweka katika kiganja cha bibi ili aushike mwenyewe.

"Ni ukwaju, Hawe," akasema, na safari hii alikuwa akisema kweli yote.