Mama Aliyemwita Bintiye Baba

Orpah na bintiye Sharon walikuwa wakichuma chai shambani kwao, Marani.

"Baba, usiruke hiyo laini!" Orpah aliita.

"Nimeona, Mama," Sharon alijibu.

Mgeni angecheka. Lakini kwa Kikisii, lugha yao, "baba" ni mama. Sharon alirithi jina la marehemu mama yake Orpah, Nyanchoka. Ndiyo maana Orpah humwita baba, kwa heshima na kwa mapenzi.

Sharon alikuwa na furaha siku hiyo. Alikuwa ameahidiwa kazi katika kituo cha kununulia majani chai. Kilichobaki ni kitambulisho tu. Mchana akaenda kukiomba. Jioni alirudi akilia.

"Wamekataa, Mama! Cheti changu cha kuzaliwa kinasema mimi ni mwanaume."

Orpah alikitazama cheti. Sharon alizaliwa Mwanza, Tanzania, wazazi wake walipokuwa wakiuza ndizi huko. Kweli, penye jinsi paliandikwa ME, yaani mwanaume. Miaka yote hiyo watu walisoma jina tu.

"Mungu wangu!" Orpah alisema. "Siku ile ya kukuandikisha, karani aliniuliza nimepata mtoto gani. Mimi kwa furaha nikamwambia, 'Ni baba! Baba amerudi!'"

Sharon alitaka kukasirika, akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka.

Ombui, ndugu wa Orpah aliyekuwa ameketi hapo, hakosi neno. "Wachana na hiyo ya Tanzania," alisema. "Tutafute mtu atuandikie ingine, iseme ulizaliwa hapa Marani."

"Hapana, Mjomba!" Aliyesema hivyo ni jirani yao Celestine, karani wa wakili mjini Kisii. Alikuwa amepita kuomba moto, akasikia kilio. "Cheti cha uongo ni kosa la jinai. Sharon atapoteza kazi, na wewe utalala ndani."

Ombui akainuka, akaenda kumletea Celestine moto aliouomba.

"Basi ofisi yetu hapa irekebishe," Orpah alisema.

"Haiwezi, Mama Sharon. Cheti hurekebishwa na nchi iliyokitoa. Mwanza waliandika, Mwanza ndio watabadilisha. Na usiogope, Sharon ni Mkenya. Mtoto wa Mkenya ni Mkenya, hata akizaliwa wapi."

"Sasa nitabeba nini?"

"Hicho cheti chenyewe, kadi yake ya kliniki, barua ya daktari na vyeti vya shule. Halafu utaapa mbele ya wakili, ueleze kosa lilivyotokea. Lakini kwanza tupige simu Mwanza tuulize wanataka nini. Kila nchi ina utaratibu wake. Ukienda bila kuuliza, utarudi mikono mitupu."

Walipiga simu, wakakusanya kila kitu. Orpah alipokuwa akifunga mkoba wa safari ya Mwanza, Sharon alimshika mkono.

"Mama, nakuomba. Wakikuuliza mimi ni nani wako, usiseme baba."

"Aa, kwani mimi ni mtoto?"

Huko Mwanza, afisa alisoma karatasi zote kwa makini. Kisha akauliza, "Na huyu Sharon Nyanchoka ni nani wako, mama?"

"Ni ba..." Orpah alianza. Akameza mate. "Ni binti yangu! Msichana! Mwanamke!"

Afisa alicheka. Ombi likapokelewa, na baada ya kungoja kidogo cheti kipya kikatoka. Penye jinsi paliandikwa KE.

Safari hii ofisi ya vitambulisho haikumkataa Sharon. Kituo cha chai nacho kilikuwa kimemngojea, kwa sababu aliwaeleza ukweli mapema.

Siku Sharon alipoleta kitambulisho nyumbani, Orpah alikisoma chote, herufi kwa herufi, mpaka alipofika penye jinsi. Kisha akakibusu, akatoka uani. Hapakuwa na afisa wala karani karibu.

"Majirani!" alipaza sauti. "Njooni muone! Baba yangu ni mwanamke!"