Ni Vitamini Tu

Ndugu zangu, haya ninayowaeleza hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata jirani yangu Evarista, na mkono uliomletea ni wangu mimi, Anyesi.

Mwaka 1994 nyumba zetu zilipakana pale Ipagala, Dodoma. Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, tuliketi uani kwake tukimenya karanga huku mumewe Yotham akiziba pancha ya baiskeli na kutuchekesha. Evarista alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali, mwaka wa pili katika ndoa, akimwomba Mungu mtoto. Kilichomkera ni chunusi tu.

“Dada Anyesi, huko dukani kwako huna dawa ya huu uso?”

“Ninayo,” nikajibu upesi.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu akiuza alichoweza kukipata. Nami niliacha mitumba nikafungua kiduka cha dawa mtaa wa Majengo, bila cheti wala mafunzo. Kesho yake nikampa kopo la vidonge vikali vya vitamini A. Karatasi ya maelezo iliandikwa kwa lugha nisiyoijua, nikaitupa.

“Meza viwili asubuhi, viwili jioni.”

Uso ukaanza kutakata. Wiki ya sita akaja dukani amechangamka.

“Dada, nimepitiliza siku zangu! Nadhani Mungu amesikia. Sasa vidonge niache?”

“Uache kwa nini? Ni vitamini tu. Vitamini inamjenga mtoto.”

Akanishukuru, jamani. Akanishukuru, akachukua kopo la pili.

Alijifungua Desemba. Nilifika wodini na chupa ya uji, nikamkuta Yotham ameegemea ukuta. Nikafunua khanga aliyofunikwa mtoto kando ya Evarista. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimejaa maji, kikubwa kuliko kifua chake. Palipopaswa kuwa na masikio palikuwa na vinundu viwili vya nyama. Chupa ikaniponyoka, uji ukatapakaa sakafuni, na hakuna aliyegeuka kuangalia.

Daktari Debora, mama mtulivu, aliuliza mengi mpaka Evarista akavitaja vidonge. Yotham akakimbia nyumbani kulileta kopo. Daktari akalisoma, kisha akavua miwani.

“Ubongo wa mtoto huanza kujengwa wiki za mwanzo kabisa, mama hata hajajua ana mimba,” alisema. “Vitamini A ni mojawapo ya vitu vinavyoongoza kazi hiyo, kila sehemu ikae pake. Ikipungua mno, kazi inaharibika. Ikizidi mno, inaharibika pia. Siwezi kuapa kuwa ndicho chanzo, lakini dozi hii hapewi mwanamke anayetafuta mtoto. Nani alikupa?”

Evarista hakunitaja. Alinitazama tu. Nikakaa palepale kwenye uji ambao hakuna aliyeupangusa.

Mtoto alibatizwa jina la Elisante, akafariki siku ya tisa. Baada ya mazishi nilimfuata Evarista, nikapiga magoti mbele ya mkeka wake.

“Mdogo wangu, naapa sikujua.”

“Naamini hukujua,” akasema, macho makavu. “Lakini nilikuuliza, dada. Mbona ulinijibu kama mtu anayejua?”

Duka nililifunga wiki ileile.

FUNZO

Vitamini nayo ni dawa. Mchicha, karoti, maembe na viazi vitamu vya njano msiviogope, kuleni. Mtoto tumboni anavihitaji. Ila vidonge vikali vya vitamini A, na dawa za chunusi za jamii yake, mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta asiviguse bila daktari. Nawe unayeuza dawa, ukiulizwa usilolijua, sema “Sijui, nenda hospitali.” Maneno matatu tu. Mimi yalinishinda, na tukamzika Elisante.