Salimia Batoto Kwanza

Mi siko mutu wa kuamini kila bongo, kila uongo ya batu. Humu mu Kolwezi mutu akiumwa tumbo, ni balozi, ni bachawi. Makala ikikataa kuwaka, ni balozi. Mi nachekaka tu. Lakini hii ya yaya yangu Bilonda, dada yangu mukubwa, niliiona na macho yangu, na tangu ile siku, telefone ikilia na numéro sijue, naangalia mulango kwanza. Musinicheke.

Yaya anaikala ku Musonoi, mu cité, karibu na mashimo ya shaba. Alizaaka mapasa, Mbuyu na Kabange. Mbuyu alitutoka angali mudogo sana, na surua. Sasa kwetu, mutoto wa mapasa akifwa, hausemi amekufwa. Ni mwiko. Unasema ameenda kutafuta kuni. Na ukifika kwa mama yake unasalimia bote bawili: "Mbuyu na Kabange beko muzima?" Juu ukimusahau ule alienda, anakasirika, na akikasirika anakuja kukamata mwenzake. Njo vile bankambo, bazee betu ba zamani, balituachia. Yaya aliwekaka sahani mbili ya bukari pa meza mpaka Kabange akaota ndevu.

Kisha bezi ba telefone bakaingia mu muji. Munabajua. "Allô mama, mi niko docteur, mutoto yako amepata accident, tuma makuta, pesa ya hospitali, mbio mbio!" Jirani yake mama Stéphanie balimukula mpaka pesa ya masomo. Yaya, hapana. Yeye alikuwa na dawa yake. Numéro asiyoijua ikiita, mbele ya yote anasema: "Salimia batoto kwanza." Mwizi anajibu na sauti ya sukari: "Kabange anaendelea muzuri, mama?" Basi, umemukamata! Mutu wa familia hawezi kusalimia mumoja. Yaya anamutukana yeye na ukoo yake yote, anakata, anacheka mpaka machozi. Hakuna hata mwizi mumoja aliyemupita.

Ile siku ilikuwa mchana, jua kali, tunachambua majani ya sombe inje, mu lupango ya yaya. Kabange alikuwa ameenda kazi. Ni creuseur, anachimbaka shaba na mikono yake, yeye na benzake. Telefone ikalia. Numéro hatuijue. Yaya akaweka sauti inje, juu alitaka nisikie namna anabafanyaka.

"Mama ya Kabange? Mama, kimbia! Shimo imeanguka, Kabange eko chini!"

Ilikuwa sauti ya kijana, ile Swahili ya batu ba Kinshasa. Nyuma yake kelele.

"Salimia batoto kwanza," yaya akasema, akanikonyeza.

"Nini?"

"Batoto yangu. Basalimie."

"Mama, Kabange anakufwa! Hatuna mapauni ya kuchimba, leta batu ba cité..."

"Na mwenzake?"

"Mwenzake nani? Mama, kwa jina ya Yezu!"

"Mwizi weye! Kamudanganye mama yako!"

Akakata. Alicheka, akapiga mikono pa magoti. Ule kijana akaita tena, na tena, yaya akakataa kuitika. Kisha telefone ikanyamaza.

Mi nilikuwa nimeshika jani ya sombe mu mukono, sina raha.

"Yaya," nikamuambia, "ule hakuomba makuta."

Kicheko ikamukauka pa uso. Alikuwa anataka kunijibu, telefone ikalia tena. Mara hii hakukuwa numéro. Hakukuwa jina. Kioo ilikuwa nyeusi tu, na inalia.

"Allô?"

Ikajibu sauti ya mutoto mudogo, pole pole.

"Mbuyu na Kabange beko muzima?"

Hakuna mutu alikuwa amemuomba asalimie.

"We nani?" yaya akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, usilie. Usiite batu. Kabange eko na mi."

"We nani?"

"Nilikawia, mama. Kuni ilikuwa nzito. Sasa nimepata mutu wa kunisaidia kubeba."

Yaya hakulia. Alisimama, sombe ikamwangika yote pa chini, akakimbia bila viatu. Mi nyuma yake, naita batu ba kila lupango: tokeni, mulete mapauni, shimo imeanguka! Batu balitoka. Cité nzima ilitoka.

Ku shimo tulikuta bavijana banachimba na mikono, bidole inatoka damu. Mumoja alikuwa na telefone mu mukono. Jina yake Gradi, mugeni wa Kinshasa, njo ule tulimuita mwizi. Alimuona yaya, akaanza kulia kama mutoto.

"Nilikuita, mama. Nilikuita."

Walai, ile neno inaniuma mpaka leo.

Tulichimba. Jua ikaanza kushuka. Bakamutoa. Alikuwa anapumua! Batu balipiga makofi, bengine bakaimba. Yaya akamukamata uso mu mikono yake.

"Kabange! Kabange yangu!"

Akafungua macho. Akamuangalia mama yake sana, kama mutu mwenye kurudia pahali aliishi zamani. Kisha akasema, chini chini, lakini mi nilikuwa karibu:

"Mama. Kabange ameenda kutafuta kuni."

Docteur alisema ni kichwa iligongwa, itapita. Sawa. Mi siko docteur. Lakini Kabange alikulaka na mukono ya kuume, na huyu anakula na ya kushoto. Anakula mu sahani ya Mbuyu, ile Kabange hakuigusaka hata siku moja. Ni mupole. Anasaidia mama yake. Na ukimuita Kabange, hageuke.

Juzi, kisha misa, nilienda kukula kwabo. Tuko pa meza, batatu. Telefone ikalia. Numéro hatuijue. Yaya akaiangalia tu. Njo mi nilibonyeza, nikaweka sauti inje.

Tulisikia mutu anahema, kama mwenye kubeba muzigo.

"Mama. Ni mi. Mama, kuni ni nzito."

Ilikuwa sauti ya mwanaume. Ile sauti mi niliijua tangu ikingali ya mutoto.

Yaya akainamia telefone.

"Salimia batoto kwanza," akasema.

"Mbuyu na Kabange beko muzima? Mama, fungua mulango."

Ule alikuwa pa meza akaweka bukari chini. Akapanguza mukono ya kushoto. Akacheka kidogo.

"Kata, mama," akasema. "Ni mwizi."

Yaya akamuangalia. Akaangalia telefone. Ile sauti ya mutoto siku ya shimo, na hii ya leo, bote bawili balikuwa bamesalimia muzuri. Dawa yake ilikuwa imeisha nguvu.

"Mama," telefone ikasema.

Akakata.

Mi nilirukia mulango, nikafungua. Inje hakukuwa mutu, jua tu. Lakini pale chini, pa mulango, kulikuwa muzigo ya kuni. Mbichi, na udongo ya kijani juu yake, ile ya shaba. Ilifungwa na kamba ya buluu. Ile kamba naijua. Njo Kabange alikuwa anashukiaka nayo mu shimo.

Yaya hajawasha ile kuni. Ameificha nyuma ya nyumba, na mvula ikianza kunyesha anatoka mbio, anaifunika na kikwembe yake.