Mgongo Kwenye Kamera

Foleni ya kutoa kopi ilifika mpaka mlangoni. Msusi, gauni lake la njano limemkaa sawasawa, akakanyagwa na kijana aliyekumbatia kamera kama mtoto mchanga.

"Samahani, dada! Nilikuwa nailinda hii."

"Na vidole vyangu avilinde nani?"

"Nipe mimi kazi hiyo."

Akacheka kabla hajajizuia. Tangu hapo simu hazikukatika. Mpiga picha huyo wa chuo cha udaktari akawa "mpenzi", kisha "roho yangu".

Siku moja mkahawani, msusi akaichukua kamera aone picha zake. Kwenye kioo chake kidogo akakuta mgongo wa mwanamke, wazi mpaka kiunoni, una madoa aliyoyadhania vivuli. Akabonyeza: bega. Akabonyeza tena: paja.

"Nani huyu?"

"Ni kazi, mpenzi. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Niliahidi kutunza siri zao."

"Zao? Kumbe ni wengi!"

Akaondoka hata chai haijaletwa, machozi yakimlengalenga. Simu zake hakupokea tena.

Shangazi yake, aliyemlea, alipokuja kusukwa alivutwa nywele kama magugu.

"Taratibu, mwanangu, hicho ni kichwa! Nani kakuudhi?"

Akamwaga yote. Shangazi akaangua kicheko, kisha akashusha kola ya blauzi. Chini ya shingo palikuwa na mabaka ya zambarau yaliyoanza kufifia.

"Ni mgongo huu?"

Msusi akaziachia nywele.

"Mwaka mzima nilipewa dawa za fangasi. Madaktari wamefundishwa kutafuta wekundu, kwa picha za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yangu wekundu utatoka wapi? Mpaka daktari mmoja, mwalimu pale chuoni, akautambua ugonjwa. Akaomba nipigwe picha, wanafunzi wake wasije wakakosea kwa wengine. Niliona haya, lakini kijana wa watu alikuwa na adabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisuka huku unalia."

Alikuwa analia kweli. Akapiga simu papo hapo.

"Nani mwenzangu?"

"Mjinga mmoja, anaomba radhi."

"Ulinikata maini," mpiga picha akasema. "Lakini ningeweza kukwambia kuwa ni wagonjwa. Niliogopa ungetaka kujua ni nani."

"Ningetaka."

"Sasa nami nina swali. Utakubali nikuoe?"

Sauti yake ilisikika hata nje ya simu. Shangazi, nusu kichwa bado timtim, akaisogelea simu:

"Njoo, baba! Mimi ndiye nitakayekupokea."

"Nani huyo?"

"Ni shangazi yangu, roho yangu," msusi akasema, akifuta machozi. "Mnajuana."