Ng'ombe wa Lori Jeupe

"Kicheche, una ushahidi?"

"Bado, Bosi."

"Basi usiliguse hilo lori. Ukiligusa bure, bastola uirudishe leo leo."

Redio ikakatika.

Kicheche alitukana kimoyomoyo, akavuta mafuta. Yamaha ikaruka juu ya mawe ya kijito kilichokauka. Mbele, lori jeupe lilikuwa linaelekea darajani, na Prado nyeusi ya mnunuzi nyuma yake. Ng'ambo ya daraja ni nchi nyingine.

Msimu mzima alikuwa ameinama kijitoni humo akijifanya mchimba mchanga, akiwinda genge la wezi wa visukuku, ile mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Hapo ndipo shangazi yake, mtaalamu wa mifupa wa makumbusho, alipookota ujanani fuvu la mnyama wa baharini ambaye hajapata kuonekana kwingine. Mwili wake hakuupata. Genge ndilo lililoupata. Shangazi alibaki na kichwa kabatini na kinyongo moyoni.

Kila pingili ya uti wa mgongo aliyoiokota, Kicheche alimtumia picha.

"Ng'ombe," shangazi alijibu.

Nyingine.

"Ng'ombe tena, baba. Mbele kifundo, nyuma kibakuli. Hiyo ni shingo yake."

Nyingine.

"Mwanangu, umefungua bucha?"

Ilimkera hadi ikamkosesha usingizi. Jasusi mzima, Glock kiunoni, anashindwa na ng'ombe waliokufa.

Alilikuta lori kizuizini, akaonyesha kitambulisho. Askari alikuwa ameshafunua turubai, na mbwa wake anatafuna mfupa.

"Mifupa ya kiwanda cha chakula cha kuku," dereva alisema. "Karatasi zote hizo hapo."

"Ni ng'ombe tu, afande," askari akakubali. "Niwafungulie?"

"Subiri."

Kicheche alipanda. Mifupa myeupe, lori zima. Akaokota pingili: kifundo, kibakuli. Ng'ombe. Ya pili, ng'ombe. Ya tatu, bapa pande zote, mgongo wa ng'ombe yule yule. Alitamani kulia.

"Kicheche, liache hilo lori," redio ikasema. "Ni amri."

Akamtazama mbwa. Mbwa alikuwa amebeba mifupa miwili iliyoanguka toka lorini na kuuruka mmoja uliokuwa puani pake. Mbwa hana sababu ya kumdharau ng'ombe.

Kicheche akaruka chini, akauokota. Ulikuwa mzito mno. Akauangusha kwenye saruji.

Ukalia kama jiwe.

Kicheche akakwangua kwa kisu. Chokaa ikabanduka, chini yake rangi ya kahawia. Akaugusa kwa ulimi. Ulimi ukanata, kama unavyonata kwenye kigae kikavu. Mfupa mbichi haufanyi hivyo. Mbele kibakuli. Nyuma kibakuli.

Akapiga picha, akatuma.

Simu ikaita.

"Umeutoa wapi?" shangazi aliuliza.

"Ng'ombe?"

"Acha utani wako. Huyo ni wangu."

Prado ilinguruma, ikachomoka kuelekea daraja. Kicheche akachomoa Glock.

Pa. Pa.

Tairi mbili zikapasuka, gari likajikita kwenye kizuizi. Mnunuzi akatoka mikono juu, tai shingoni imepinda. Wezi walikuwa wamepaka mawe chokaa yafanane na mifupa mibichi, wakayachanganya na ya machinjioni. Harufu ya nyama hawakuweza kuipaka.

"Bosi, ushahidi ninao. Lori zima."

"Umejuaje?"

"Nimelishwa ng'ombe msimu mzima. Asiye ng'ombe ningekosaje kumjua?"

Shangazi alikuwa bado hewani, analia waziwazi. "Mlete nyumbani, baba. Kichwa chake kimemsubiri sana."

"Anakuja, shangazi."

Akavaa helmeti. Akaokota pingili yenye kifundo na kibakuli, akamrushia mbwa, kisha akaiwasha Yamaha na kuondoka polepole, bila kugeuka.