Gari Lililogoma Darajani Tarach

Siku hiyo ilianza kama Jumanne zote. Nilifagia vumbi mbele ya duka, vumbi likarudi, nikalitukana, nikachukua mkoba niende stendi kutafuta gari la Lodwar. Saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Adut alikuwa kwenye baraza langu na cherehani yake, anapinda kitenge cha mteja. Aliponiona na mkoba akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Dada Wanjugu, unaenda kuuliza ile karatasi?"

"Naenda kwa Mureithi mwenyewe. Leo sirudi bila jibu."

"Mwambie asante," akasema. "Mwambie naombea yeye kila siku."

Maneno hayo yananichoma hadi leo. Ngoja uelewe kwa nini.

Mimi ni mtu wa Nyeri, nauza vitenge Kakuma mwaka wa tisa sasa. Adut alikimbia vita Sudan Kusini, anaishi kambini, na baraza langu ndilo karakana yake. Tangu barabara itiwe lami, magari yalikuwa yanapita hapa sokoni mia moja, mia na ishirini, katikati ya watu na mbuzi na watoto. Mwezi wa pili lori likamgonga binti yake Ayak karibu na daraja la Tarach. Alikuwa na miaka saba, anamletea mamake maharage ya chakula cha mchana. Lori halikusimama hata kuangalia.

Tulipomaliza kuzika, wanawake wa kanisa la kambini na sisi wa sokoni tukaketi tukaandika ombi. Kuanzia darajani hadi mwisho wa soko gari lisizidi thelathini, na kibao kisimamishwe. Watu mia nne walitia kidole gumba. Adut amebakiwa na mtoto mmoja, Majak, wa darasa la pili, anayevuka barabara hiyo hiyo kila siku. Aliomba huyo tu asichukuliwe.

Sasa nani apeleke ombi? Mimi, kwa kimbelembele changu, nikasimama. Kaka yangu yuko ofisi ya barabara Lodwar! Mureithi ni mdogo wangu wa tumbo moja, nilimbeba mgongoni mama akiwa shambani. Akaja Kakuma, akapokea ombi kwa mikono miwili, akasali na Adut, akatoa na machozi. Kisha akanivuta kando na karatasi tupu. "Dada, wanataka pia barua ya mwakilishi wa wafanyabiashara. Tia saini hapa chini, nitaichapa ofisini." Nikatia. Karatasi nyeupe pe, jina langu chini. Nani humkagua mtoto aliyembeba mgongoni? Pumbavu mimi.

Basi, nilifika Lodwar Mureithi akiwa ametoka kidogo. Karani wake, Nakaale, msichana wa Kiturkana mwenye adabu zake, akaniamkia "Ejok, mama," akanivutia kiti. Nikamtajia jina langu. Uso ukambadilika. Akaenda kufunga mlango.

"Kwani si wewe ndiye ulikataa?" akanong'ona.

"Nilikataa nini?"

Akafungua faili. Barua ilikuwa fupi. Sisi wafanyabiashara wa Kakuma tunapinga kupunguzwa kwa mwendo wa magari. Malori yakicheleweshwa, biashara itakufa. Ajali iliyotokea ilitokana na uzembe wa wazazi. Chini yake, saini yangu. Na pembeni, kwa wino mwekundu, mkubwa fulani alikuwa ameandika kwamba suala hilo limefungwa kwa kauli ya wakazi wenyewe.

Uzembe wa wazazi! Nikauliza lile ombi lenye vidole liko wapi. Nakaale akatikisa kichwa, hajawahi kuliona. Nikamwomba nakala ya barua. Akanipa bila kunitazama usoni.

Mureithi akanikuta getini, kicheko hadi jino la mwisho, akanifungulia mlango wa gari. Gari jipya, la milango minne, lenye kiyoyozi. Kulikuwa na minong'ono kwamba wenye malori ndio waliompa, nami nilikuwa nimewagombeza waliosema hivyo. "Twende nikufikishe, dada, nina kazi huko." Nikapanda. Nilitaka aseme kwa mdomo wake.

Hakusema. Alikimbiza gari mia na thelathini akiimba pambio, na mimi nimeshika mkoba wenye ile nakala. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, barabara tupu. Tulipoanza kuliona daraja la Tarach, nikamuuliza.

"Ombi la Adut lilifika?"

"Lilifika, dada. Wanalishughulikia."

Gari likapunguza mwendo. Mguu wake ulikuwa bado kwenye mafuta, niliuona. Mshale ukashuka hadi themanini.

"Na barua yangu uliandika nini?"

"Kuwaunga mkono tu."

Hamsini. Akakanyaga mafuta hadi chini. Injini ikanguruma. Mshale haukupanda.

Hapo ndipo nikasikia. Pa, pa, pa. Patapata za mtoto, ndala za mpira, kwenye lami. Zilikuwa upande wangu, karibu kabisa na mlango, zinakimbia sambamba na sisi. Nikatazama dirishani. Lami. Mchanga. Mti mmoja wa miiba. Mtu hakuna.

"Unasikia?" nikanong'ona.

"Sisikii kitu."

Thelathini. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, na kiyoyozi kinapuliza.

"Mureithi. Lile ombi liko wapi?"

"Lilipotea."

Kumi. Hatua za nje nazo zikapoa. Pa. Pa. Sasa anatembea.

Gari likasimama. Ni pale pale lori lilipompitia.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Joto la nje likaingia. Ukafungwa polepole, vile hufunga mtu ambaye mlango ni mzito kwake. Kiti kikalia kidogo. Harufu ya maharage ya moto ikajaa gari.

Hakuna aliyegeuka.

"Nililichoma," Mureithi akasema. Alikuwa analia. "Nililichoma moto. Walinipa gari. Walisema ni kibao tu, hakuna atakayejua. Nisamehe. Nisamehe, mtoto."

Hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anatazama kile kioo cha juu. Sikuuliza anaona nini.

Gari likaondoka. Thelathini. Halikuzidi na halikupungua, hadi mbele ya duka langu. Adut akainuka kwenye cherehani. Hakututazama sisi wa mbele. Alitazama dirisha la nyuma, mkono ukampanda mdomoni.

"Ayak," akasema kwa sauti ndogo sana. "Shuka, mtoto wangu."

Mlango ukafunguka. Ukafungwa.

Mureithi aliruka nje akatoka mbio, ufunguo akauacha umening'inia. Walimwona stendi akipanda basi la Kitale. Simu yake haijapatikana tena. Mama yetu hunipigia kila Jumapili kuniuliza mtoto wake yuko wapi, na mimi namwambia sijui.

Ile nakala ningeweza kuichana. Adut Kiswahili cha kuandikwa hakimpandi vizuri, ningemdanganya vyovyote. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo siku hiyo. Nikamsomea yote, hadi ule uzembe wa wazazi.

"Hii saini ya nani?"

"Yangu. Lakini Adut, dada yangu, karatasi ilikuwa tupu, mimi sikujua..."

"Ulisaini karatasi tupu juu ya mtoto wangu."

Akakikunja kitenge cha mteja vizuri, akaniwekea kwenye kaunta, akaita wenzake wawili wakambebea cherehani. Nililia mbele ya wateja bila aibu. Kaka yangu alinisaliti mimi, na kwa mkono wangu huu akamsaliti mama aliyekuwa akimwombea.

Jumatatu iliyofuata tuliamka tukakuta kibao darajani. Saruji ya chini ilikuwa imekauka na kupasuka, utadhani iko hapo miaka. Nikapiga simu Lodwar, Nakaale akauliza meza kwa meza, hakuna aliyekituma. Mkandarasi naye akakana. Kinanifika kiunoni tu. Kimeandikwa thelathini kwa rangi nyeupe, na ile tatu imetazama upande usiofaa, vile watoto huiandika kabla mwalimu hajawasahihisha.

Madereva wanapunguza mwendo. Malori pia. Hawasemi kwa nini, lakini nimewaona wakipandisha vioo na joto lote hili. Majak anavuka salama. Adut humsindikiza kila asubuhi, hugusa kile kibao kwa kiganja, kisha hupita mbele ya duka langu kurudi kambini. Mimi humwamkia. Hajaitika hata siku moja.