Kipande cha Kumi na Saba

Amri kutoka Kituo cha upelelezi ilimkuta Solange Asukulu kwenye mteremko wa kutoka Fizi, saa tatu asubuhi, pikipiki yake TVS ikinguruma chini yake.

"Shamba limevunwa kabla ya wakati. Magunia arobaini na mawili. Njia ni maji."

Aliusoma ujumbe mara moja. Akaufuta.

Magunia yalikuwa vipande vya nta, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti. Ndani ya kila kipande ilihifadhiwa nyama ya uvimbe uliokatwa katika utumbo mpana wa mgonjwa mmoja. Vilikuwa vimeibwa katika maabara moja ya utafiti mjini Baraka. Maji yalikuwa ziwa, na boti la Kigoma lingeng'oa nanga saa sita.

Kipande cha kumi na saba kilikuwa cha Mwalimu Marthe.

Huyo ndiye aliyemfundisha Solange kusoma, kwa chaki na kwa fimbo. Uvimbe wake ulikwisha kukatwa. Hapakubaki kingine cha kupima. Kipande hicho kikipotea, madaktari wangemtibu kwa kubahatisha.

Solange alikaza mwendo.

Dokta Norbert, mkuu wa maabara, alimpokea kwa utulivu.

Utulivu uliopita kiasi.

Rozari ilining'inia kwenye darubini yake.

"Wezi wanatafuta nini humu?" Solange aliuliza.

"Uvimbe una njaa, madame. Hutoa protini ya kuita mishipa ya damu, nayo mishipa huota kuufuata. Tukikata nta hiyo vipande vyembamba na kuvitia dawa ya rangi, protini na mishipa hujitokeza kwa rangi ya kahawia. Hapo twajua uvimbe upi una haraka ya kurudi. Kuna kampuni ya ng'ambo inayotaka elimu hiyo iwe yake peke yake."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, na fundi wangu Eloge Kezimana. Leo hakufika. Simu yake imezimwa." Alipangusa miwani iliyokuwa safi. "Ni mkimbizi wa Burundi. Mpentekoste, mtu wa maombi. Lakini moyo wa mtu, nani aujuaye?"

Hakuwa ameulizwa habari za moyo.

Solange alitoka bila kuaga.

Ufukweni palinuka samaki wadogo wa ndagala na mafuta ya mawese. Alibonyeza redio ya Motorola iliyofichwa chini ya kitenge.

"Kware kwa Kituo. Nimefika majini."

"Una dakika ishirini, Kware."

Wapagazi walipanda na kushuka botini. Mmoja tu hakubeba kitu. Alikuwa ameketi kivulini kando ya katoni, ameifunika kwa blanketi lililoloweshwa maji, na kila mara aliligusa kama mama agusavyo paji la mwanawe mwenye homa.

"Habari, yaya," Solange alisema, kama kwa kaka mkubwa. "Unachunga mugonjwa?"

"Ni buji tu, mama. Mishumaa ya kanisa. Jua itaiyeyusha."

"Jina lako nani?"

"Isidore."

"Kanisa gani hiyo, Isidore?"

Alimwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye katoni. *Mishumaa ya ibada. Kanisa la Kipentekoste, Kigoma. Mtumaji: Eloge Kezimana.*

Solange aliisoma mara mbili.

"Weye unasali wapi?"

"Mi? Kwa Bakatoliki, tangu nabatizwa."

"Njo sababu haukushangaa. Bapentekoste habawashe buji mu ibada. Ukiona mushumaa kwao, ujue courant ya umeme imekatika."

Isidore alianza kucheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, na mkono wake ukazama ndani ya koti.

Beretta ya Solange ilikuwa imekwisha kugusa mbavu zake.

"Polepole, yaya. Batu beko nakuangalia."

Alimnyang'anya bastola na kuipasua katoni. Juu palipangwa mishumaa. Chini yake, katika pamba, palikuwa na vipande vya nta na namba zake. Alihesabu vyote. Cha kumi na saba kilikuwapo, kigumu, kizima.

Lakini shaka haikumtoka.

Eloge alikuwa Mpentekoste. Hata angekuwa mwizi, asingeandika maneno yale. Yaliandikwa na mtu aliyetaka kumtwisha Eloge lawama, mtu ambaye tangu utoto wake hajaona kanisa lisilo na mishumaa.

Simu ya Isidore ililia. Solange aliiweka kwenye sikio la Isidore, akasogeza lake karibu.

"Jibu."

"Imeondoka?" sauti iliuliza. Tulivu. Tulivu mno.

"Iko naenda, dokita," Isidore alinong'ona.

"Usiiache juani."

Solange aliikata simu, akainua redio.

"Kware kwa Kituo. Mavuno yapo mkononi, na mvunaji mmoja. Mwingine yuko shambani kwake mwenyewe. Ni Norbert. Zungukeni maabara."

Walimkuta Eloge katika ghala la dawa, amefungwa mikono, kitambaa kinywani. Norbert alivuliwa koti jeupe mbele ya wafanyakazi wake. Alimgeukia Solange.

"Nilikosea wapi?"

"Mishumaa, dokta. Ungeandika sabuni."

Alasiri, Eloge, alama za kamba zikiwa bado mikononi, alikuwa akikata nta na kuitia rangi. Solange aliketi hospitalini, kando ya kitanda cha Mwalimu Marthe. Mama huyo alifumbua jicho moja.

"Asukulu. Mpaka leo unaingia ndani na viatu vya matope."

"Ni barabara ya Fizi, Mwalimu."

"Barabara haina miguu. Wewe unayo."

Akafumba jicho, akalala.

Jua lilikuwa limeinama juu ya milima Eloge alipoingia na karatasi yake. Mwalimu aliamka.

"Kipande chako kilichoibwa kimerudi, Mwalimu, na mishipa ni michache. Uvimbe uliita, lakini haukuitikiwa na wengi. Sasa daktari anajua pa kuanzia."

Mwalimu Marthe alishusha pumzi aliyoizuia kwa siku kumi na tisa, tangu uvimbe wake ukatwe.

"Nani alikirudisha kipande changu?"

Eloge aligeuka. Kiti cha Solange kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa imepanguswa. Hapakubaki hata chembe ya udongo mwekundu.

Nje, TVS iliwaka.